Kuteleza kwa Kishada

Kila asubuhi ya shule, mama mmoja fundi cherehani alimwamsha binti yake mara tatu. Mara ya kwanza alimwita kwa upole, mara ya pili alimwita kwa ukali, na mara ya tatu aliita kwa sauti ambayo hata paka wa jirani aliamka. Hapo ndipo binti alipochomoka kitandani, akanawa uso mbiombio, akanywa chai amesimama na kutoka nje huku kamba ya kiatu kimoja ikiburuzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na wenzake walimwita Kishada kwa sababu miguu yake haikupenda kukaa chini. Ngazi alizishuka mbilimbili. Mtaro aliuruka hata kama daraja lilikuwa hatua tatu mbele yake. Katika timu ya shule ya mbio za kupokezana vijiti, yeye ndiye aliyepewa kijiti cha mwisho, na mashindano yalikuwa yamebaki wiki mbili tu.

Nyuma ya vyoo vya shule palikuwa na tangi la maji lililokalishwa juu ya jukwaa la zege, jukwaa refu kupita mlango wa darasa, lenye ngazi ya chuma ubavuni. Mwalimu mkuu alikuwa amelizungumzia jukwaa hilo mstarini, na hakumung'unya maneno. "Nitakayemkuta juu ya lile tangi," alisema, "timu ya mbio aisahau. Awe nani, awe nani."

Mtu mwingine wa kumjua katika shule hiyo ni mama aliyefanya usafi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Usafi mpaka walimu nao wakazoea. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho alipiga deki korido ndefu ya madarasa. Kabla hajalowesha dekio, aliweka ndoo nyekundu katikati ya mlango wa korido, ili kila anayeingia ajue sakafu ina maji. "Ile ndoo ni askari wangu," alizoea kusema. "Askari asipokuwa zamu, mimi siingii kazini."

Ijumaa hiyo, vipindi vilipokwisha, Kishada na wasichana watatu wa darasa lake walijikuta nyuma ya vyoo. Nani alianza utani, baadaye hakuna aliyekubali.

"Eti Kishada," mmoja akasema akiliangalia jukwaa. "Kishada gani hakijawahi kupaa?"

Wengine wakacheka. Kishada naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akatazama huku na huku, akashika ngazi, na kabla wenzake hawajamaliza kucheka alikuwa juu. Kutoka kule juu ardhi ilionekana mbali kuliko alivyodhani. Kushuka kwa ngazi kungekuwa aibu, na Kishada hakupenda aibu. Akafumba macho, akaruka.

Alitua kwa visigino. Sauti aliyoisikia haikuwa kubwa, ilikuwa kama ya biskuti ikivunjika mfukoni. Maumivu yalianzia chini, yakapanda yakamkata kiunoni, akashindwa hata kulia. Alipopata pumzi ya kuwaita wenzake, wenzake hawakuwepo. Walikuwa wameshapiga kona ya vyoo, kila mmoja anakimbilia mkoba wake.

Kishada akajikokota. Akakanyaga kwa ncha za vidole, akishika ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa korido. Pale akaikuta ndoo nyekundu imesimama zamu yake. Akainua mguu mmoja, akauma meno, akaipita kwa juu. Alipiga hatua nne tu kwenye sakafu iliyolowa, kisha akakaa chini kwa sababu hakuweza tena.

Mama Usafi alitoka darasa la mwisho na dekio mkononi. Alipomwona mtoto ameketi kwenye maji, alilitupa dekio.

"Mungu wangu! Umeteleza, mwanangu?"

Ukweli ni kwamba Kishada alikuwa hajatunga uongo wowote. Uongo uliletwa mkononi mwake umeshapikwa, na kilichotakiwa kwake ni kutikisa kichwa tu. Aliifikiria timu ya mbio na kijiti cha mwisho. Akatikisa kichwa.

*

Mwalimu mkuu aliwapeleka hospitali kwa gari lake, Kishada na Mama Usafi wakiwa kiti cha nyuma. Walipofika alimpigia simu mama yake Kishada, kisha akamgeukia Mama Usafi. "Wewe baki naye mpaka mzazi wake afike," alisema. "Hili la sakafu tutaliongea Jumatatu ofisini kwangu."

Mama Usafi aliitikia, "Sawa, mwalimu," lakini mikono yake ilianza kuukunja upindo wa aproni na haikuacha tena.

Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda vinne vilivyotenganishwa kwa mapazia ya kijani. Tabibu wa zamu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na macho ya mtu aliyekosa chakula cha mchana, alichukua kadi mpya.

"Haya, binti. Nini kimetokea?"

"Ameteleza," Mama Usafi akajibu upesi. "Kwenye sakafu niliyokuwa napiga deki. Ni makosa yangu, daktari."

Tabibu akaandika. "Na unaumia wapi?"

"Mguu," Kishada akasema.

"Mguu ni nchi nzima," tabibu akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Hapa kwetu kuna sheria moja: mgonjwa anaonyesha kwa kidole kimoja. Siyo kiganja, kidole kimoja tu. Kiweke mahali panapouma kuliko pote."

Kishada akanyanyua kidole. Palipouma kuliko pote palikuwa kisigino cha kulia, na pale kiunoni, katikati ya mgongo. Lakini aliwahi kumwona mwenzake aliyeteleza mvuani, na yule alikuwa amevimba kifundo cha mguu. Mtu aliyeteleza hawezi kuumia mgongo na visigino, akawaza. Wakijua mgongo, watajua tangi. Akaweka kidole kwenye kifundo.

"Mgongo je? Kichwa? Umejigonga popote?"

"Hapana."

Akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha eksirei. Huko mpiga picha alimlaza, akaelekeza mashine pale pale kwenye kifundo, maana ndipo palipoandikwa. Kisigino kilitokea kwenye picha nusu tu, kimekatwa na ukingo. Kila kiti kilipopita juu ya nyufa za sakafu, Kishada aliinama mbele na kukaza meno, na waliomwona walidhani anaogopa hospitali.

Waliporudi, mama yake alikuwa amefika. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwake, na sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kifuani. Alimkumbatia mwanawe, kisha akamgeukia Mama Usafi.

"Dada yangu, sikulaumu kwa ubaya. Lakini sakafu ya watoto! Hukuweza kuweka hata alama?"

"Huwa naweka ndoo," Mama Usafi akasema. "Kila siku naweka. Na leo niliiweka." Vidole vikaendelea kukunja aproni. "Au ile ninayoikumbuka ni ya jana? Ningekuwa nimeiweka, mtoto asingepita. Labda nimeanza kuzeeka, mama. Labda kazi hii imeshanishinda."

Kishada alitazama pembeni. Alikuwa amedhani uongo wake haumdhuru mtu, kwamba ni kitu kidogo kati yake na mwalimu mkuu. Sasa aliona umemwingia huyu mama kichwani, na huyu mama alikuwa anaanza kutoyaamini macho yake mwenyewe.

Tabibu alirudi akiwa na picha mkononi na magongo mawili kwapani. "Sioni mfupa uliovunjika kwenye kifundo," alisema. "Inaonekana ameteguka tu. Nitamfunga bandeji, apumzishe mguu, na baada ya siku saba aje tumwone. Haya binti, simama taratibu nikupime urefu wa magongo."

Mama Usafi alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, anamvalisha kiatu mguu wa kushoto. Alifunga kamba kwa uangalifu, fundo mara mbili. "Isije ikakutelezesha tena," alinong'ona.

Kishada akaweka mikono kitandani ili ajiinue. Maumivu ya mgongo yakamchoma, akayameza. Angeweza kuyameza mpaka nyumbani. Akakitazama kichwa cha yule mama kilichoinama mbele yake, na mvi chache zilizotokeza chini ya kitambaa.

"Ndoo ilikuwepo," akasema.

"Nini, mwanangu?"

"Ndoo ilikuwepo mlangoni. Nyekundu. Niliiona, nikaipita." Akaongeza upesi. "Sikuteleza. Niliruka kutoka juu ya tangi."

Magongo yakaanguka kwa kishindo. "Usisimame!" tabibu akasema, na ule uchovu wa mtu mwenye njaa ulikuwa umemtoka. Akamshika mabega. "Usisimame, usikae, usijigeuze. Lala chali. Wewe mama mwenye aproni, nisaidie kichwa, kisicheze." Walipomlaza, akavuta pumzi, akainama karibu. "Haya, tuanze upya mimi na wewe. Kidole kimoja. Lakini safari hii kile kidole cha ukweli."

Kidole cha Kishada kikaelekea kwenye kisigino. Kisha, polepole, kikarudi, kikaingia chini ya kiuno chake. Mama yake alifunika mdomo kwa futi ya kupimia nguo.

*

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na alipoingia alimsalimia Kishada kabla ya kuwasalimia watu wazima. Alimwambia achezeshe vidole vya miguu, na vyote kumi vikacheza. Akamkwaruza nyayo kwa mpini wa ufunguo, akamwuliza ni upande gani. Akamwuliza kama mkojo unaenda kama kawaida, na Kishada akajibu huku uso unamwaka.

"Usione haya. Hilo swali ni kubwa kuliko yote niliyokuuliza," daktari akasema.

Kisha wakaja watu wanne. Mmoja alishika kichwa, wawili wakashika mwili, wa nne miguu, na kwa hesabu moja wakamgeuza kama gogo, bila kiuno kujipinda. Daktari alishusha kidole chake kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, kama anayehesabu vifungo. Kwenye pingili moja Kishada akapiga kelele.

"Nimekuona," daktari akaiambia ile pingili.

Picha mpya zilipigwa za visigino vyote viwili na za mgongo. Daktari alizitundika mbele ya taa, akamwita mama yake Kishada, akamwita na Mama Usafi, aliyekuwa amejibanza mlangoni akitaka kuondoka asiweze.

"Mtu akiteleza, mguu unajipinda, na anaumia kifundo," alieleza. "Mtu akiruka akatua wima, uzito wote unapokelewa na visigino, halafu unapanda juu. Kwa hiyo sisi tukisikia 'aliruka', hatuishii chini. Tunaupanda mwili ghorofa kwa ghorofa: kisigino, goti, nyonga, mgongo. Hiki cha kushoto kimechubuka tu. Cha kulia kimepondeka, tazama hapa. Na ghorofani kwenye mgongo, pingili hii imebonyea upande wa mbele."

"Atatembea?" mama yake akauliza. Alilisema kwa sauti ndogo sana, kana kwamba anaogopa mwanawe asije akalisikia jibu.

"Atatembea. Neva hazijaguswa. Angetoka hapa na magongo, pengine kusingetokea kitu, na pengine pingili ingezidi kubonyea. Mimi sipendi kubahatisha na mgongo wa mtoto."

Tabibu alikuwa amesimama nyuma yao. "Daktari, kosa ni langu pia," akasema. "Nilisikia neno 'aliteleza' nikaacha kuuliza. Nilipaswa nimpime hadi mgongo."

"Ulipaswa," daktari akakubali bila kumpaka mafuta. "Kesho utapima. Leo nenda kale."

Kisigino kilihitaji upasuaji, lakini si siku hiyo. Kilikuwa kimevimba, na ngozi imevutika inang'aa. Daktari alieleza kwamba ukipasua ngozi ya namna hiyo haifungi vizuri, kwa hiyo mguu uliinuliwa juu ya mito, na kila asubuhi alikuja kuukagua, akitafuta mikunjo midogo kwenye ngozi. Mikunjo ikionekana, uvimbe umeshuka.

"Haya makubwa," mama yake Kishada akasema. "Mimi maisha yangu yote naondoa mikunjo kwa pasi, na huyu daktari anaamka asubuhi anaitafuta."

Kishada alicheka mpaka mgongo ukamkanya.

*

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja wodini, na nyuma yake Mama Usafi, amevaa nguo zake za kwenda shughulini. Kishada alikuwa amelala chali, hana pa kujificha isipokuwa dari. Alilieleza jambo lote tena, tangu utani mpaka ndoo, na hakuwataja wenzake waliomkimbia. Mwalimu mkuu alisikiliza hadi mwisho.

"Timu umeshaitoka kwa mguu wako mwenyewe, sina cha kuongeza," alisema. "Ile ngazi ya chuma nimeshaikatisha. Ilikuwa haina kazi pale na mimi ndiye niliyeiacha." Kisha akamgeukia Mama Usafi, akaivua miwani yake. "Na wewe, mama, nilikuhukumu kabla ya kukuuliza. Naomba unisamehe."

"Yamekwisha, mwalimu."

"Mama," Kishada akasema, na machozi yakamshukia masikioni kwa sababu alikuwa amelala. "Nisamehe na mimi."

Mama Usafi alivuta kiti, akakaa. Hakukimbilia kusema yamekwisha. "Mguu wako utapona, daktari amesema," alianza. "Mimi Ijumaa ile, saa nzima ile ya hospitali, nilikuwa nayatazama macho yangu kama si yangu. Nimefanya kazi ile miaka kumi na sita. Nilijiuliza, kama ndoo sikuiweka, ni mangapi mengine nayakumbuka na hayapo? Hicho ndicho ulichonichukulia, mwanangu. Na hicho ndicho ulichonirudishia uliposema ndoo ilikuwepo. Ungeweza kunyamaza, na mgongo wako unauma vile." Akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Nimekusamehe. Lakini ukipona, korido ile ni yako wiki nzima. Dekio nitakuchagulia zito."

Siku ya nane mikunjo ilionekana. Kishada alipewa dawa ya usingizi, na alipoamka kisigino chake kilikuwa kimeinuliwa na kushikiliwa kwa pini mbili nyembamba ndani ya plasta. Mgongo ulifungwa mkanda mgumu uliomfanya akae wima kuliko mwalimu wa zamu. Mashindano ya mbio yalifanyika akiwa kitandani, na shule yake ilikuwa ya nne. Alilia siku hiyo, na mama yake alimwacha alie.

Wiki kumi baadaye alirudi kliniki na mama yake akitembea, kwa kuchechemea kidogo. Pini zilikuwa zimetolewa na mkanda ulikuwa umevuliwa. Daktari wa mifupa alimtembeza kutoka ukutani hadi dirishani, akamsimamisha kwa ncha za vidole, kisha kwa visigino, akaridhika. Akafungua kadi yake ili aandike, na ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na mwandiko wa haraka wa tabibu wa zamu.

"Tazama, hapa bado pameandikwa 'Aliteleza kwenye sakafu,'" daktari akasema, kalamu ikiwa tayari. "Kadi ya hospitali haitakiwi kuwa na uongo. Nifute nini? Uliteleza au hukuteleza?"

Kishada akafikiri.

"Niliteleza, daktari," akasema. "Lakini si kwenye sakafu."

Daktari alimtazama, halafu akamtazama mama yake, na wote wawili wakatabasamu.

"Sikiliza, binti yangu," daktari akasema. "Mikono yangu hii inajua kurudisha mfupa mahali pake, lakini haioni ndani ya mtu. Ile eksirei nayo inapiga pale tu mgonjwa anapotuelekeza. Wapo watu wanaotudanganya kwa sababu ya woga, na sisi tunatibu mahali pasipouma huku panapouma panaharibika. Ukiumia, au ukikosea, onyesha mahali penyewe, mapema. Patauma kupaonyesha. Lakini ndipo patakapotibiwa."

Akainama juu ya kadi. Akapiga mstari mmoja juu ya maneno "kwenye sakafu," na lile neno la kwanza akaliacha lilivyo.